Nishani ya Dereva wa Lori la Unga

Mitaa yote ya karibu na lango la kambi ilimjua kwa jina moja tu, Afande Sindano. Hakuwa afande wa mtu yeyote. Alikuwa mwanamke, fundi cherehani wa miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye kona moja na mguu wa kushoto uliobaki mfupi tangu homa ya utotoni. Lakini askari akiingia dukani kwake na vyeo vilivyoshonwa upogo, alimkemea mpaka mtu mzima na silaha zake anajikuta kasimama wima bila kujua kwa nini. Jina likazaliwa hapo, likamganda.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja: cherehani ya miguu, cherehani ya umeme, na meza ndefu yenye makovu ya pasi. Alipunguza suruali, alibadilisha zipu, alishona vyeo. Kazi iliyompa sifa, hata makanali wakatuma madereva wao kwake, ilikuwa kupanga nishani. Nishani haining'inizwi hivi hivi kama kitambulisho. Unakata kibati, unakivika kitambaa kigumu, unapitisha utepe, unaukunja, unaushona kwa nyuma ili uzi usionekane, na zote zinatakiwa zishuke sawasawa, hata ikipungua unywele jicho la mkaguzi litaona. Afande Sindano alikuwa akishika pumzi akivuta uzi wa mwisho.

Kazi hiyo hakuifuata kwa bahati. Alitoka katika nyumba ya wanajeshi, baba kwa mtoto kwa mjukuu. Yeye mwenyewe alipofika miaka kumi na minane alikwenda kupanga foleni ya kuandikishwa. Daktari hata vipimo hakuchukua. Alitazama mguu, akatazama karatasi, akasema, "Binti, nenda nyumbani." Alilia siku mbili. Siku ya tatu baba yake alirudi kutoka kazini na lori la kiwanda cha unga, akashusha cherehani ya miguu iliyotumika, akaiweka barazani. "Hii nayo ina kanyagio," akasema, akaingia ndani kunawa. Hayo ndiyo maneno yake yote juu ya jambo hilo, siku hiyo na siku zilizofuata.

Baba huyo sasa alikuwa na miaka themanini na sita na aliishi kwa bintiye, nyuma ya duka. Alikuwa mzee mkimya, msafi, mwenye tabia ya kuhesabu. Alihesabu ngazi, alihesabu mawe ya kukanyagia uani, alihesabu hatua za kuvuka barabara, midomo ikicheza polepole. Watu wa nyumbani walishazoea.

Nishani za ukoo zilikuwa nne, zimeviringishwa kwenye kitambaa cha flana ndani ya kabati la nguo. Ya kwanza ilikuwa ya shaba, ya babu mzaa babu, aliyebeba mtutu wa mzinga kichwani miezi tisa mfululizo akarudi na shingo isiyogeuka. Akiitwa, ilibidi ageuke mwili mzima kama mlango. Ya pili ilikuwa nyota, ya babu, aliyekaa siku tatu ndani ya mtaro wa maji yaliyomfika kifuani, mwenzake aliyejeruhiwa kamweka mabegani asizame. Habari hizo zilisimuliwa kwenye kila harusi na kila msiba. Ya nne ilikuwa ya mdogo wake Afande Sindano, aliyetumwa kulinda amani nchi ya watu, akarudi salama, kisha akafa kwa maradhi ya kawaida kitandani kwake.

Ya tatu ilikuwa ya baba. Ilikuwa kubwa kuliko zote, msalaba wa fedha wenye utepe wa zambarau na mstari mweupe katikati, na ndiyo pekee isiyokuwa na hadithi. Cheti chake kilisema tu, "Kwa utumishi uliotukuka." Na mzee akiulizwa aliipata vipi, jibu lilikuwa moja miaka yote.

"Sikugonga kitu."

Watu walicheka. Shuleni watoto wenzake walimwambia Afande Sindano kwamba baba yake alipewa nishani ya kuegesha gari. Ukubwani alijifunza kucheka nao, lakini ndani kulibaki kitu kidogo kinachochoma. Alimpenda baba yake kuliko mtu yeyote, ila akizitaja nishani za nyumbani kwao, alianza na shingo ya babu mkuu, akamalizia na mtaro wa maji, na ule msalaba akaupita haraka haraka.

Mambo yalibadilika pale binti wa marehemu mdogo wake alipoingia dukani mchana mmoja, kofia kwapani, tabasamu limefika masikioni. Alikuwa koplo, mtegua mabomu. Mwaka uliopita alilala kifudifudi kwa saa tano shimoni kwenye kiwanja cha shule ya msingi, akitoa kombora la zamani lililokuwa limezikwa pale watoto wanapochezea mpira.

"Shangazi, wamenipa."

"Wamekupa nini?"

"Nishani. Gwaride ni Jumamosi ya wiki ijayo."

Afande Sindano aliangusha mkasi. Alimkumbatia, akamsukuma amtazame, akamkumbatia tena, akamkaripia kwa kifungo kilicholegea. Kisha Koplo akaeleza lililomleta. Utaratibu uliruhusu askari kuvaa nishani za wazee wake upande wa kulia wa kifua. Alitaka azivae zote nne.

"Na ya babu yako pia?"

"Hasa ya babu, Shangazi. Yeye ndiye aliye hai wa kuniona."

Basi flana ikafunguliwa mezani. Shaba ilikuwa sawa, nyota ilihitaji kupigwa brashi. Lakini utepe wa msalaba ulikuwa umeliwa na miaka. Alipouvuta kidogo tu, ukaachia kama karatasi iliyolowa. Alikwenda stoo ya kambi. Karani akatikisa kichwa: utepe ule ulikoma kutengenezwa zamani. "Labda kwa Mzee Mkongojo," akasema. "Ana kiduka nyuma ya kituo cha treni. Vitu vya jeshi ambavyo jeshi lenyewe limeshavisahau, yeye anavyo."

Afande Sindano hakuwahi kukanyaga upande ule wa mji. Alipanda gari, akashuka, akauliza njia, akakikuta kiduka chembamba kama korido, chenye droo kutoka sakafuni mpaka darini, kila moja na maandishi ya kalamu ya wino. Nyuma ya kaunta alikaa mzee mwenye mguu mmoja, mkongojo umeegemea ukutani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Unatafuta nini?"

Alifungua leso, akauweka msalaba juu ya kaunta. Mzee alivaa miwani, akainama, na mkono wake uliokuwa ukienda kwenye droo ukasimama njiani.

"Huu ni wa nani?"

"Wa baba yangu. Alikuwa dereva tu," akasema Afande Sindano, na neno lile "tu" likamtoka kwa mazoea. "Vitani aliendesha lori la unga na maji."

Mzee aligeuza msalaba, akapitisha kucha kwenye ukingo ulipochongwa namba. Kisha akauliza swali la ajabu.

"Huwa anahesabu?"

"Nani?"

"Baba yako. Huwa anahesabu kwa sauti?"

Afande Sindano alicheka. "Anahesabu kila kitu, mzee. Ngazi, mawe, hatua... Umejuaje?"

Mzee Mkongojo alishika mkongojo, akajiinua kwa taabu, akajiweka sawa kwenye mguu wake mmoja, mgongo ukanyooka kama wa kijana. Akaupigia saluti ule msalaba uliolala juu ya leso, akakaa hivyo kitambo, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Treni ilipita nyuma ya ukuta na droo zote zikatetemeka. Afande Sindano alikuwa ameona saluti maisha yake yote, asubuhi na jioni, langoni. Ile ilimsimamisha nywele za mikono.

"Keti, mama," mzee akasema mwishowe, na sasa alimwita mama. "Keti nikwambie baba yako ni nani."

Kulikuwa na mto, akasema, na daraja lililopigwa likabaki fremu za chuma. Mafundi walilaza mbao juu yake, gari moja lipite kwa shida. Kikosi chao kilivuka usiku, na kulipopambazuka adui akaanza kuwapiga kutoka kilimani. Majeruhi walikuwa wengi na wote walikuwa ng'ambo ya pili. Magari ya wagonjwa hayakuwepo. Lilikuwepo lori la unga, limekuja kuleta unga na maji, na dereva ambaye hakuna mpiganaji aliyemjua jina.

"Ng'ambo ile hapakuwa na pa kugeuzia," Mzee Mkongojo akasema. "Barabara yenyewe upana wa kitanda, huku mwamba, huku mabomu ya ardhini. Ukienda kwa mbele, hurudi. Kwa hiyo alikuja kinyumenyume. Umenielewa? Lori zima, kinyumenyume, juu ya mbao, huku wanatupiga. Alifungua mlango, akatoa kichwa nje akitazama gurudumu la nyuma, na alikuwa anahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nililala chini nimeshikilia mguu wangu nikamsikia anakuja akihesabu, nikadhani nimeshakufa na hiyo ndiyo hesabu yangu."

"Mara ngapi?" Afande Sindano aliuliza.

"Mara tatu. Watu thelathini na mmoja. Mimi ni wa safari ya pili. Nimemtafuta miaka yote hii, mama. Hospitalini waliniambia dereva amepewa msalaba kama huu, kisha akahamishwa. Hatukuwa na jina lake. Tulikuwa na hesabu yake tu."

Alivuta droo ya chini kabisa, akatoa kipande cha utepe wa zambarau uliokunjwa ndani ya karatasi laini, mstari wake mweupe bado unang'aa. Hakutaka malipo, na Afande Sindano hakuthubutu kubishana naye. Alipanda gari la kurudi. Ndani ya gari alijikuta akitazama mikono ya dereva kwenye usukani, anavyobadilisha gia, anavyochungulia kioo, kama mtu anayeona gari likiendeshwa kwa mara ya kwanza. Miaka hamsini na minane alikuwa amekaa meza moja na yule mzee, akimpunguzia chumvi, akimkata kucha, akimwambia avae soksi.

Hakumwuliza siku ile. Aliogopa. Alisubiri mpaka asubuhi, mzee akiwa ameshakunywa chai na jua limefika kwenye kiti chake uani.

"Baba, jana nilikuwa kwa mzee mmoja mwenye mguu mmoja. Alikuwa kwenye lori lako. Safari ya pili."

Mzee aliweka kikombe chini, taratibu, kama kitu chenye moto.

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Ana duka."

"Duka," mzee akarudia, na uso wake ukafunguka kidogo. "Vizuri. Duka ni vizuri."

"Kwa nini hukutuambia?"

Mzee alifuta mdomo kwa kiganja. Kuku wa jirani alipita, akapekua, akaondoka.

"Kuna nini cha kusimulia, mama? Nilikuwa naogopa. Mguu huu wa kushoto," akajipiga paja, "ulikuwa unacheza kwenye klachi kama sindano ya cherehani yako. Mbao zilikuwa arobaini na moja. Ya kumi na saba ilikuwa na ufa. Nikifika kumi na saba najua nikaze usukani kulia, gurudumu lipite pembeni. Ningeacha kuhesabu ningeanza kufikiria, na ningefikiria ningekimbia."

"Lakini hukukimbia."

"Safari ya tatu, wakati wa kurudi, ubao wa kumi na saba uliondoka. Nilipita, nyuma yangu ukaanguka mtoni pamoja na mbao nyingine tatu. Na kule walikuwa wamebaki majeruhi wawili. Wamekaa wima, wanangoja zamu yao. Mmoja alininyooshea mkono hivi, kama mtu anayesimamisha gari. Watu wananiuliza nishani. Mimi nikiuangalia ule msalaba nauona ule mkono. Ningewaambia nini? Nikasema sikugonga kitu. Ni kweli, sikugonga."

Afande Sindano aliinama, akaishika miguu ya baba yake, ule wa kushoto na ule wa kulia. Wakakaa hivyo mpaka mteja akapiga hodi dukani, na kwa mara ya kwanza tangu afungue duka lile, akamwambia arudi kesho.

Koplo alipopewa habari, alikuwa wa kwanza kumfuata babu yake. "Babu, nisiuvae?"

"Vaa," mzee akasema. "Ila ukiulizwa, usiseme thelathini na mmoja na ukaishia hapo. Sema na wawili walibaki."

Jumamosi uwanja wa kambi ulijaa. Afande Sindano alikuwa amemaliza kupanga nishani zile alfajiri ya Ijumaa, akafumua, akapanga upya, na sasa zilishuka kwenye kifua cha kulia cha Koplo kama zimepigwa rula. Jukwaani alikaa yeye, upande wake mmoja baba yake kwenye suti iliyopigwa pasi mara mbili, na upande wa pili kiti kitupu. Kabla bendi haijaanza, Mzee Mkongojo akapanda ngazi, kitako cha mkongojo kikigonga kila kidato, akasimama mbele ya mzee mwenzake.

"Safari ya pili," akasema. "Upande wa kushoto, karibu na mlango wa nyuma."

Baba yake Afande Sindano alimkagua juu mpaka chini. "Wewe ndiye uliyekuwa unanitukana?"

"Ndiye mimi."

"Ulisema mimi ni dereva wa punda."

"Ulikuwa unarusha lori mno! Mguu ulikuwa unaning'inia!"

Wazee wawili waliangua kicheko mpaka watu wa safu ya mbele wakageuka. Kisha wakashikana mikono, na hawakuachana mpaka gwaride lilipokwisha.

Jenerali alipita mstari kwa mstari. Alipofika kwa Koplo, alimvika nishani yake kushoto, akasogea, macho yakaanguka kulia.

"Msalaba huu ni wa nani?"

"Wa babu yangu mzaa baba, afande. Alivuka daraja mara tatu kinyumenyume, akatoa watu thelathini na mmoja. Wawili walibaki, afande."

Jenerali akauliza, "Majina yao?"

"Siyajui, afande."

"Kayaulize. Uniletee."

Mchana ule ule, sahani zikiwa bado mezani, Koplo akachukua kalamu. Mzee hakusitasita hata kidogo. Alitaja jina la kwanza, la baba na la babu, kisha la pili vivyo hivyo, pamoja na namba zao za jeshi, kana kwamba alikuwa ameyashikilia mdomoni tangu siku ile akingoja mtu anyooshe karatasi. Mmoja alikuwa fundi wa redio, akasema. Mwingine alikuwa mpishi.

Ilipita miezi minne. Jina la fundi wa redio lilikutwa limeshaandikwa kwenye ukuta wa mashujaa kambini. La mpishi halikuwepo. Daftari lilisema "hakuonekana," na neno hilo nyumbani kwao lilitafsiriwa na majirani kwamba alitoroka. Ofisi ikarekebisha. Jina likachongwa. Na asubuhi moja akaingia dukani mama mwenye mvi, gauni la kutokea, mikono miwili imeshika kiboksi cha bluu ambacho alikuwa hajathubutu kukifungua.

"Wameniambia wewe ndiye unayepanga," akasema. "Ni ya baba yangu. Sikuwahi kumwona, niliachwa tumboni."

Afande Sindano alifunga mlango wa duka. Alinawa mikono. Alikifungua kiboksi, akakata kibati, akakivika kitambaa, na kazi ambayo humchukua nusu saa ilimchukua asubuhi nzima, kwa sababu mara tatu ilibidi aweke sindano chini avue miwani. Yule mama alikaa kwenye kiti cha wateja bila kusogea. Kisha pazia la nyuma likafunguka, akatoka mzee, akihesabu hatua zake, akaambiwa mgeni ni mtoto wa nani. Alisimama. Akavua kofia.

"Ulimjua?" yule mama akauliza. "Ulimjua kabisa?"

"Nilikuwa nampelekea unga kila siku."

"Alikuwa mtu gani? Alikuwa... alikuwa akipika vizuri?"

Mzee alifikiri. Hakutaka kumdanganya.

"Maharage yake yalikuwa yanaungua," akasema. "Kila siku ya Mungu yanaungua. Na kila siku anatuapia kwamba kesho hayataungua. Tulikuwa tunamwimbia wimbo. Naye anacheza, mwiko mkononi, mnene huyo, anacheza mpaka tunasahau tuko wapi."

Yule mama aliweka mkono mdomoni. Kicheko kilimtoka kwanza, kisha kilio, kisha vyote pamoja.

"Uimbe," akasema. "Tafadhali, baba. Kama unaukumbuka, uimbe."

Na yule mzee ambaye watu wa nyumba ile hawakuwahi kumsikia akiimba, akavuta kiti, akaketi karibu naye, akakohoa kidogo, akaanza.